Kufunga homu thieta ya bei ya chini sebuleni, na kutafuta tatizo inapogoma

Malalamiko mengi ya homu thieta hayatoki ndani ya mashine. Yanatoka kwenye waya uliochomekwa kinyume, kwenye menyu ya TV ambayo hakuna aliyeigusa tangu iliponunuliwa, na kwenye spika tano zilizopangwa foleni juu ya kabati kama vikombe vya ubingwa. Kabla hujamwita fundi aje na bisibisi yake, yapo mengi unayoweza kuyamaliza mwenyewe jioni moja.

Ninazungumzia mfumo wa kuanzia wa 5.1, yaani deki yenye amplifaya ndani yake, spika ndogo tano na sabufa moja. Mwenye 2.1, spika mbili na sabufa, aruke tu habari za spika ya kati na za nyuma. Mengine yote yanamhusu.

Kabla hujalipa

Namba kubwa juu ya boksi isikubabaishe. PMPO, ile nguvu ya kilele inayotangazwa, haina kanuni moja ya kuipima, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake, ndiyo maana sabufa unayoibeba kwa mkono mmoja kutoka Kariakoo inajiita ya wati 10,000. Tafuta palipoandikwa RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo. Usipopaona, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma kinachotaja inakula umeme kiasi gani. Inayokula wati 60 ukutani haiwezi kutoa wati 500 mfululizo kwenye spika, muuzaji aape atakavyoapa.

Kwenye kibandiko hichohicho soma volti. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, Kenya 240, zote hezi 50. Ukikuta 220–240V au 100–240V, huna shida. Ukikuta 120V peke yake, hiyo ilitengenezwa kwa soko la Marekani. Zawadi ya namna hiyo kutoka kwa ndugu aliyeko Houston ukiichomeka hivihivi bila transfoma ya kushushia umeme, utaiunguza dakika hiyohiyo.

Kisha chungulia matundu ya nyuma. Chukua yenye HDMI iliyoandikwa ARC (inayorudisha sauti ya TV kwenye deki) ukiweza, au angalau yenye tundu la optiko, kebo ya mwanga. Ile yenye pini nyekundu na nyeupe tu inapokea chaneli mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia. Hata ikiwa na spika tano, sauti ya spika za nyuma inabuniwa na mashine yenyewe kutokana na hizo mbili. Si dhambi, lakini ujue unachonunua. Hakikisha pia unapewa rimoti yake halisi, kwa sababu deki nyingi za bei ya chini zina mipangilio isiyopatikana kwenye vitufe vya mbele. Na dukani usikubali kusikilizishwa muziki mmoja kwa sauti ya juu halafu basi. Omba kila spika ijaribiwe, sikio likiwa karibu.

Kama unaishi chumba kimoja na TV iko miguuni pa kitanda, ushauri wangu ni 2.1 nzuri badala ya 5.1 dhaifu. Spika za nyuma zisizo na pa kukaa ni hela imetupwa.

Hatua ya 1: tafuta mahali pa spika kabla ya kuvuta waya

Anza na kochi, maana vipimo vyote vinatokea pale kichwa chako kinapokaa. Spika mbili za mbele ziwe kushoto na kulia kwa TV, na umbali kati yao uwe karibu sawa na umbali wa kutoka kila moja hadi kwako. Ukikaa mita 2.5 kutoka kwenye spika, nazo ziachane mita 2.5 hivi. Hapo kila moja inakuwa kwenye pembe ya nyuzi 30 kutoka katikati. Sebule ikiwa nyembamba, zibane kidogo, lakini usizigandishe kwenye kingo za TV. Kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kiwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa.

Spika ya kati ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo yenye kazi kubwa zaidi, kwa sababu kwenye filamu karibu maneno yote ya wahusika yanapitia humo. Watu huisukuma ndani ya shubaka la kabati, nyuma ya maua ya plastiki, wakaifunika kitambaa cha kufuma, halafu wanalalamika kwamba milio ya risasi inasikika ila mazungumzo hayasikiki. Itoe nje. Uso wake ufike ukingoni kabisa mwa kabati, na ikiwa iko chini ya TV ya ukutani, weka kitu kidogo chini ya ukingo wake wa mbele ili ielekee juu, usoni pako.

Spika za nyuma kwenye 5.1 hazikai nyuma kabisa kama jina linavyodanganya. Mahali pake ni pembeni mwako, zikirudi nyuma kidogo: nyuzi 110 hadi 120 ukihesabu kutoka katikati ya TV. Ziinue zipite kichwa cha mtu aliyekaa. Kochi likiwa limegusa ukuta wa nyuma, na sebule nyingi za kupanga ziko hivyo, zitundike kwenye kuta za pembeni zikitazamana. Waya upitishe juu ya fremu ya mlango au ufuate kona ya ukuta na sakafu. Usiulaze chini ya zulia pale watu wanapokanyaga. Gamba lake litachubuka bila wewe kuona, na hapo ndipo shoti huanzia.

Sabufa ina uhuru zaidi. Sauti nzito za chini ya hezi 80 hivi sikio halijui zinatoka wapi, kwa hiyo si lazima iwe mbele. Lakini mahali inapowekwa panabadilisha besi kupita kiasi. Kona inaikuza, na mara nyingi inaifanya ivume tu bila kudunda. Ipo njia ya zamani ya kutafuta mahali pake, inayochekesha wanaokutazama: iweke sabufa juu ya kochi, pale pa kukaa, piga muziki wenye besi ya kutulia, kisha tembea kwa magoti ukizunguka kuta za chumba, sikio likiwa chini. Utakutana na sehemu besi inamezwa, sehemu inanguruma ovyo, na sehemu moja au mbili inasikika safi, noti kwa noti. Weka sabufa hapo.

Ukiwa umepanga nyumba yenye wapangaji wengi, kumbuka kuta za vyumba mara nyingi huishia kwenye dari, na juu ya jipsamu hewa ni moja. Besi yako itamfikia jirani wa chumba cha tatu. Iweke sabufa mbali na ukuta mnaochangia, juu ya kipande cha godoro kuukuu.

Kuhusu chumba chenyewe: vigae, vioo vya alumini na dari ya jipsamu hurudisha sauti, na mwangwi ule hula maneno. Zulia mbele ya kochi na pazia zito dirishani vitasaidia kuliko kuongeza sauti.

Hatua ya 2: nyaya za spika

Zima mashine, chomoa plagi ukutani. Menya gamba la waya sentimita moja tu, usizidishe. Ndani utakuta nyuzi nyembamba za shaba. Zisokote kwa vidole mpaka ziwe kitu kimoja, ndipo uzichomeke kwenye kibanio. Sasa chukua tochi ya simu umulike. Unatafuta unywele mmoja uliokataa kuingia, ukatokeza na kugusa kibanio cha jirani. Unywele huo mmoja unatosha kuifanya deki nzima igome kuwaka.

Kila waya wa spika una pande mbili, na upande mmoja umewekewa alama: mstari, rangi nyekundu au maandishi. Amua kwamba wenye alama ni wa chanya, uende kwenye kibanio chekundu cha deki na chekundu cha spika, na usibadili msimamo hadi spika ya mwisho. Ukigeuza spika moja ya mbele, hakuna kitakachoungua, lakini spika moja itakuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta. Besi inapungua, sauti ya mwimbaji inakosa mahali pa kusimama katikati.

Alama zikiwa zimefutika, chukua betri ya rimoti ya volti 1.5. Chomoa waya kutoka kwenye deki, gusisha ncha zake mbili kwenye betri kwa mguso mfupi tu, huku mtu mwingine akitazama karatasi ya spika, ule uso unaocheza. Ikitoka nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikiingia ndani, geuza.

Waya ukiwa mfupi, nunua mrefu badala ya kuunga vipandevipande. Unene wa milimita 0.75 za mraba unatosha kwa sebule ya kawaida. Ukivuka mita kumi nenda kwenye 1.5. Usipachike spika mbili kwenye chaneli moja ili muziki ufike na uani. Spika mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, na amplifaya ndogo haiwezi mzigo huo. Itachemka, na usipoiwahi itaungua.

Hatua ya 3: deki na TV

Njia bora ni HDMI ARC. Iliingia na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, na kazi yake ni kurudisha sauti ya TV kwenye deki kwa kebo ileile inayopeleka picha. Kwenye TV nyingi ni tundu moja tu lenye uwezo huo, limeandikwa ARC au eARC. Chomeka hapo, na upande wa pili chomeka kwenye HDMI OUT ya deki. Watu wengi wanachomeka kwenye HDMI IN na kungoja muujiza.

Kisha ingia kwenye menyu ya TV ufanye mambo matatu. Washa mfumo wa vifaa kutambuana kupitia HDMI, ambao Samsung wanauita Anynet+, LG Simplink na Sony Bravia Sync. Kwenye sauti, badilisha inakotokea kutoka spika za TV kwenda HDMI ARC. Halafu tafuta mpangilio wa aina ya sauti inayotoka, ambao kwa kawaida huwa na PCM, Bitstream na Auto. Ukiiacha kwenye PCM, ARC ya kawaida inapeleka chaneli mbili tu na spika za nyuma zinanuna. Weka Auto au Bitstream. Baada ya hapo king'amuzi, flashi na YouTube vyote vinabaki kwenye TV, sauti inatokea kwenye deki.

Optiko ndiyo ya pili. Ni kebo inayopeleka sauti kwa mwanga, na inabeba Dolby Digital, mfumo wa sauti ya chaneli nyingi, ya 5.1 vizuri tu. Toa vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake, maana vingi vinapitisha mwanga na havionekani kirahisi. Ukichomeka upande wa TV, upande wa pili uone taa nyekundu. Kebo hii haipendi kukunjwa kona kali.

Pini nyekundu na nyeupe zinabaki kwa TV za zamani: kutoka Audio Out ya TV kwenda Aux ya deki. Bluetooth iache kwa muziki wa simu. Kwa filamu, sauti inaweza kuchelewa nyuma ya midomo, na mara nyingi inakuja chaneli mbili tu.

Vipindi vingi vya king'amuzi vinarushwa kwa stirio, yaani chaneli mbili za sauti. Taarifa ya habari ikikuta spika za nyuma kimya, hazijafa, hazijapelekewa kitu. Angalia tu kama menyu ya sauti ya king'amuzi ina chaguo la Dolby Digital, uliwashe kwa ajili ya chaneli za filamu.

Hatua ya 4: kusawazisha

Rimoti au menyu ya deki huwa na sauti ya majaribio, ule mlio wa "shhh" unaozunguka spika hadi spika. Kaa mahali pako usikilize. Kwanza uhakikishe inatokea inakotajwa: skrini ikisema kulia nyuma na ukasikia kushoto, nyaya zimepishana. Pili, zote ziwe na ukali sawa masikioni. Programu ya bure ya kupima desibeli kwenye simu inatosha, kwa kuwa unalinganisha tu spika na spika.

Kama deki inauliza umbali, pima kwa futikamba kutoka kila spika hadi kichwani, usikisie. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila mita ni karibu milisekunde 3, na mashine inatumia vipimo hivyo kuzichelewesha spika za karibu zifike pamoja na za mbali.

Sabufa anza nayo chini, pandisha polepole, simama pale unapoanza kuitambua kwamba ni sabufa, kisha rudi nyuma kidogo. Najua wengi hawatanifuata kwenye hili.

Inapogoma

Fuata njia ya sauti kuanzia inakotoka mpaka kwenye spika, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Ukigusa vitatu kwa mpigo ikapona, hutajua kilichoiponya, na wiki ijayo utaanza upya.

*Haiwaki kabisa.* Jaribu soketi nyingine unayojua inafanya kazi. Ekstensheni za bei ya chini hulegea ndani. Plagi zetu za pini tatu za bapa zina fyuzi. Ibadilishe kwa yenye ampia zilezile.

*Inaandika PROTECT au PROT na kuzima.* Deki inajilinda, mara nyingi dhidi ya shoti kwenye nyaya za spika. Chomoa ukutani, toa spika zote pamoja na sabufa, subiri dakika kadhaa, washa tena ikiwa tupu. Ikiwaka vizuri, zima na chomoa, rudisha spika moja, washa, na uendelee hivyo moja baada ya nyingine. Itakayoirudisha PROTECT ndiyo yenye shida, waya wake au yenyewe. Ikiandika PROTECT hata ikiwa tupu, tatizo liko ndani, na hiyo sasa ni kazi ya fundi.

*Inawaka, sauti hakuna.* Angalia deki iko kwenye chanzo gani: AUX, OPT, ARC, USB. Mtoto akibonyeza kitufe kimoja cha rimoti yote yanahama. Kwa ARC, zima TV na deki, chomoa zote ukutani kwa dakika mbili, zirudishe, washa TV kwanza. Ikikataa, badilisha kebo.

*Filamu ya flashi ina picha, haina sauti, lakini nyingine zinasema.* Faili hilo huenda limebeba sauti ya DTS, aina nyingine ya sauti ya filamu, ambayo TV nyingi hazina leseni ya kuisoma. Ichomeke flashi kwenye deki yenyewe kama ina nembo ya DTS, au tafuta nakala yenye AAC au AC3. Na flashi isiposomeka kabisa, iangalie kwenye kompyuta: deki nyingi zinataka FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye flashi, usiokubali faili linalofika GB 4.

*Spika moja kimya.* Hamisha waya wake kwenye kibanio cha spika inayosema. Ikisema, chaneli ya deki ndiyo yenye walakini au haijapelekewa sauti. Ikiendelea kunyamaza, ni waya au spika. Badilisha waya ujue ni ipi.

*Mvumo wa "mmmm" usiokoma.* Punguza sauti mpaka sifuri. Ukiendelea kusikika vilevile, hautoki kwenye filamu. Chomoa waya wa dishi au antena kwenye king'amuzi. Mvumo ukikata, umeme unazunguka kwenye ardhi mbili tofauti. Chomeka TV, king'amuzi na deki kwenye ekstensheni moja, au tumia optiko, ambayo haina shaba ya kuupitisha. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi kama wanavyoshauriana watu. Siku deki ikipata shoti kwenye bati lake, pini hiyo ndiyo iliyokuwa ikulinde wewe.

*Midomo na sauti haviendi pamoja.* Tafuta AV Sync au Audio Delay. Sauti ikitangulia, ongeza ucheleweshaji kwa milisekunde 20 mpaka vikutane. Sauti ikichelewa, rudisha namba hiyo sifuri na uhakikishe hutumii Bluetooth.

*Inazima yenyewe baada ya saa moja.* Gusa juu yake. Ikiwa moto, itoe kwenye kabati lililofungwa, iache nafasi juu na pembeni, na ondoa king'amuzi ulichokibebesha mgongoni. Ikiwa ya baridi na inazima taa zinapofifia, umeme ni mdogo; stabilaiza itasaidia. Umeme ukikatika, chomoa, uusubiri utulie kwanza ukirudi.

*Rimoti haifanyi kazi.* Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza kitufe. Ukiona taa ya zambarau ikipepesa, rimoti ni nzima, tatizo liko kwenye jicho la deki au kuna kitu kimelikinga. Usipoiona, badilisha betri ndipo uanze kutafuta rimoti nyingine.

*Sabufa inakwaruza.* Chomoa umeme, toa wavu, sukuma karatasi yake kwa vidole vya mikono miwili, taratibu na kwa usawa. Ikisugua, koili imepinda au imeungua. Ikienda laini, kagua mpira au sponji ya pembeni, maana joto la pwani na mende huila. Fundi hubadilisha mpira bila kubadilisha sabufa nzima.

Ukinusa kuungua, au fyuzi mpya ikikatika mara tu ulipoiweka, acha hapo. Usiifunge fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na usifungue boksi kuchungulia, kwa kuwa kapasita kubwa za ndani hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Mpelekee fundi pamoja na spika na rimoti, umweleze ulichokwisha kujaribu na matokeo yake, mpatane bei kabla hajafungua, na akibadilisha kifaa chochote akurudishie kile cha zamani.